CHAKULA NA UPUNGUFU WA DAMU

Wananchi na watumishi wa Serikali wanakumbushwa kuwa upungufu wa damu mara nyingi husababishwa na uhaba wa madini ya chuma mwilini, na huwadhuru zaidi wajawazito na watoto wadogo.

Madini hayo hupatikana katika nyama nyekundu, dagaa, kunde, choroko na mchicha. Chuma cha mboga na kunde hufyonzwa kwa shida. Hivyo, zikishaiva zikamuliwe ndimu, au mlaji ale chungwa au pera. Chai huzuia ufyonzwaji huo, basi inywewe saa moja baada ya chakula.

Mjamzito mwenye hemoglobini chini ya gramu 11 kwa desilita asitegemee chakula pekee: ameze vidonge alivyopewa kliniki, na apimwe malaria na minyoo.