Orodha mbili, ndugu mmoja



Mwezi uliopita mama mmoja alitufuata baada ya masomo. Anamtafuta mdogo wake wa kiume, walipotezana njiani wakati wa kukimbia. Alisikia tu kwamba kijana alifika Bujumbura, akapata kibarua cha kupakia magari kule Zone Industrielle. Akatuambia: "Walimu, wameangalia kwenye kompyuta, eti hayumo. Basi amekufa?"

Hapana, mama. Kukosekana kwenye orodha siyo kufa.

Watu wanaotafutana huandikwa mahali pengi, na kila tovuti ina orodha yake. Dada yumo katika hii, kaka yumo katika ile, na orodha hizo hazisemezani.

Hata Wamarekani yaliwakuta. Agosti 2005 kimbunga Katrina kiliwatawanya watu wa New Orleans, na tovuti nyingi zikaanza kuandika waliopotea. Familia zikazunguka tovuti moja moja. Ndipo maelfu ya watu wa kujitolea wakanakili majina hayo kwa mkono na kuyaweka katika orodha moja. Septemba mwaka huohuo Ka-Ping Yee, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, pamoja na wenzake walitunga mpango unaoitwa PFIF: tovuti zote ziandike kwa namna moja, jina la mtu, mahali, nani katoa habari na lini. Haiti ilipopigwa na tetemeko Januari 2010, Google ilitumia mpango huo kuunganisha majina yaliyokusanywa mahali mbalimbali.

Lakini kuunganisha siyo kumwaga madebe mawili ya mchele katika gunia moja. Tuchukue mfano. Orodha moja imeandika "Biamungu Jozefu, Zone Industrielle". Nyingine imeandika "Byamungu Joseph, Quartier Industriel". Sisi tunajua ni mtaa uleule. Kompyuta itajuaje? Tena huku kwetu watoto wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina tofauti kabisa, na wengi tumeandikiwa kuzaliwa tarehe 1 Januari.

Kwa hiyo mashine ioneshe majina yanayokaribiana, halafu mtu ndiye aamue. Maandishi yote mawili yabaki, lisifutwe hata moja. Likifanyika kosa, mama ataletewa habari za mtoto wa mwenzake, na wa kwake ataacha kutafutwa.

Ndugu wazazi, mkienda Msalaba Mwekundu kutafuta mtu, huduma ni bure. Tajeni majina yote, hata lile la nyumbani. Tajeni jina la baba, la mama, la kijiji, na mahali alipoonekana mwisho. Semeni jina linavyoweza kuandikwa kwa namna nyingine. Lakini mnapoishi msipatangaze kwenye orodha ya kila mtu, maana anapoweza kusoma ndugu yako, hata uliyemkimbia anaweza kusoma.

Yule mama amekwisha kurudi kuandikisha upya. Safari hii ameweka Zone Industrielle na Quartier Industriel, yote mawili. Bado tunangoja jibu pamoja naye.

Tukutane toleo lijalo.