Mashoka ya Kale na Asili ya Kuhesabu

Vijana wetu wengi hudhani ya kuwa hesabu ilizaliwa pamoja na kalamu, na kwamba asiyejua kuandika hakujua kuhesabu. Dhana hiyo yafaa ipimwe.

Yapata miaka 4,000 iliyopita, wafua vyuma wa Ireland walitengeneza mashoka ya shaba iliyochanganywa na bati, wakayapamba kwa mistari na pembetatu zilizopangwa safu kwa safu. Watu hao hawakuwa na maandishi. Je, mistari ile ni hesabu? Hapana dalili ya kutosha. Pambo hupendeza macho, wala si lazima litaje idadi ya kitu.

Lakini iko habari nyingine. Mwaka 1946, huko Frankleben, Ujerumani, ilifukuliwa miundu ya shaba ya namna hiyo zaidi ya 200, pamoja na mashoka. Vyote vilikuwa vimezikwa zaidi ya miaka 3,000. Miundu mingi ina mistari midogo iliyotoka katika kalibu yenyewe. Mtaalamu Christoph Sommerfeld aliilinganisha, akaona inafuata utaratibu mmoja, akaisoma kuwa ni tarakimu tangu 1 hata 29. Tena akaihusisha na siku za mwezi mwandamo, kwani mundu wafanana na hilali. Hiyo ni rai ya mtaalamu. Alama zenyewe hazikusema. Hata hivyo, nani katika nyumba zetu asiyeijua 29, siku ambayo jioni yake watu hutoka kuutazama mwezi?

Na Afrika ilitangulia mbali. Mwaka 1950, Jean de Heinzelin alipata huko Ishango, katika Kongo, mfupa wenye umri wa miaka ipatayo 20,000. Una mikato katika safu tatu. Safu moja ina mafungu ya 11, 13, 17 na 19; nyingine 11, 21, 19 na 9. Jumlisheni, enyi vijana: kila moja ni 60.

Basi tusiwadharau wazee wasiosoma, wanaohesabu nazi kwa mafungu na siku kwa mafundo ya kamba. Wao wameshika elimu iliyoitangulia kalamu. Wala tusiite kila mstari hesabu. Mwenye elimu hutenga analolijua na analolidhani, na kila moja huliita kwa jina lake.