Sigara ya Umeme na Mfuko Mdogo: Tupige Hesabu Kabla ya Kununua



Mwaka jana nilialikwa kwenye mkutano wa mwezi wa kikundi kimoja ninachokitembelea. Tulipofika ajenda ya mikopo, kijana mmoja akasimama. Yeye ni mwendesha boda boda na hajawahi kukosa kulipa mchango wake. Akaomba mkopo wa shilingi 7,000. Mwekahazina akamwuliza, "Ni za kazi gani?" Kijana akajibu, "Ni za kununua vepu."

Watu wakacheka. Mzee mmoja akasema, "Ati tukukopeshe pesa ya moshi?"

Kijana hakucheka. Akaeleza kwamba anavuta sigara kumi kwa siku, na amejaribu kuacha mara tatu akashindwa. Binti yake wa miaka minne ana ugonjwa wa pumu, na kwenye zahanati wazazi wameambiwa kwamba moshi wa sigara unamzidishia mtoto. Rafiki yake wa mjini aliacha sigara kwa kutumia vepu, naye akataka mashine kama ile ya rafiki. Kisha akasema jambo lililonyamazisha kicheko: ameshatumia zaidi ya shilingi 3,000 kwa vepu ndogo za kutupa, na sigara bado anavuta.

Mama Mwenyekiti akanigeukia. "Mwalimu, wewe unasemaje?" Nilisema kweli, kwamba sikuwa na jibu. Nikaomba wiki mbili niulize na nisome. Tulipokutana tena tulipiga hesabu ubaoni. Nimeandika hapa yale tuliyojifunza, kwa sababu najua kijana kama huyo yuko katika vikundi vingi.

VEPU NI KITU GANI?

Vepu, au sigara ya umeme, haichomi tumbaku. Ina sehemu tatu. Ya kwanza ni betri. Ya pili ni waya mdogo uliozungushwa, unaoitwa koili, ambao hupata moto. Ya tatu ni kikombe kidogo cha kuwekea maji, ambacho wauzaji wanakiita podi. Maji yenyewe huwa yamechanganywa nikotini, ladha, na vimiminiko viwili vinavyotoa ule mvuke mweupe. Mtu akivuta, koili inachemsha maji na yeye anameza mvuke.

Nikotini ndiyo inayomfunga mtu asiweze kuacha. Lakini lami na gesi ya kaboni monoksidi, ambazo zinaharibu sana mapafu na moyo, hutokana na kuungua kwa tumbaku. Vepu haiunguzi kitu. Ndiyo sababu madaktari wengi wanasema madhara yake ni machache kuliko ya sigara. Lakini kusema ni machache si kusema hakuna. Mvuke una kemikali, na madhara ya miaka mingi bado yanachunguzwa.

JE, NI YA NANI?

Swali hili linatangulia swali la bei. Kama huvuti sigara, bajeti yako ya vepu ni sufuri. Usianze. Hiyo ni kwa kijana wa sekondari anayevutiwa na ladha ya embe, na ni kwa mama mjamzito pia, kwa sababu nikotini inamdhuru mtoto tumboni.

Kwa anayevuta sigara na ameshindwa kuacha, mambo ni tofauti kidogo. Wataalamu wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya na kupima tafiti za afya, wameona kwamba vepu yenye nikotini inasaidia watu wengi zaidi kuacha sigara kuliko bandeji na chingamu za nikotini. Mwaka 2023 serikali ya Uingereza ilitangaza mpango wa kuwapa wavutaji milioni moja vepu za kuanzia, pamoja na ushauri. Mwaka huohuo, mwezi wa Desemba, Shirika la Afya Duniani lilizitaka serikali zichukue hatua haraka kudhibiti vepu, kwa sababu watoto wananaswa. Yote mawili ni kweli. Chombo kinachomtoa mtu mzima kwenye sigara ndicho hicho kinachoweza kumwingiza mtoto kwenye nikotini.

Kumbukeni pia kwamba kuna njia isiyo na gharama. Wapo wanaoacha kwa kupanga siku, kuwaambia watu wa nyumbani, na kushauriwa. NACADA wana namba ya simu ya bure, 1192. Yeyote anayefikiria kununua apige simu kwanza.

HESABU TATU UBAONI

Bei nitakazotaja ni za mfano. Ninyi wekeni bei za soko lenu.

Tulianza na sigara zenyewe. Sigara 10 kwa siku, kila moja shilingi 15, ni shilingi 150. Kwa mwezi ni shilingi 4,500. Mama mmoja akapiga mluzi. Kijana hakuwa amewahi kuzijumlisha, kwa sababu hununua moja moja pale stendi.

Hesabu ya kwanza: vepu ya kutupa. Tuseme ni shilingi 1,500 na inamtosha wiki moja. Kwa mwezi ni nne, yaani shilingi 6,000. Inaonekana rahisi kwa sababu unalipa kidogo siku ya kwanza. Kumbe kila wiki unanunua betri mpya na kuitupa. Ni kama kununua tochi mpya kila mara betri zikiisha.

Hesabu ya pili: vepu ndogo ya kujaza. Tuseme mashine ni shilingi 2,000, na ndani ya boksi mna podi moja. Chupa ya maji ya mililita 30 ni shilingi 1,000. Podi ya akiba ni shilingi 400. Akitumia mililita 2 kwa siku, chupa itamfikisha siku 15. Podi nayo tuseme inadumu wiki mbili. Mwezi wa kwanza atatumia 2,000 za mashine, 2,000 za chupa mbili na 400 za podi, jumla 4,400. Ni karibu sawa na sigara. Lakini kuanzia mwezi wa pili mashine ameshainunua. Atahitaji chupa mbili na podi mbili tu, yaani shilingi 2,800. Kila mwezi shilingi 1,700 zitabaki nyumbani.

Hesabu ya tatu: mashine kubwa kama ya rafiki. Hiyo ndiyo ya shilingi 7,000. Inatoa wingu kubwa, na wingu kubwa ni maji mengi. Tuseme inakula mililita 8 kwa siku. Chupa moja haifiki siku nne. Kwa mwezi ni chupa nane, shilingi 8,000, na bado hatujataja koili wala betri zake.

Yule mzee aliyecheka akasema, "Basi hii ni kama kununua gari. Kununua si shida, shida ni mafuta." Ndivyo ilivyo. Usiulize mashine ni bei gani peke yake. Uliza itakula pesa ngapi kila mwezi.

MFUKO MDOGO UNUNUE NINI KWANZA?

1. Betri nzuri na mashine ya kawaida. Pesa za rangi, taa na kioo cha picha ni za kutupa. Tafuta mashine ndogo ambayo podi zake zinapatikana katika maduka zaidi ya moja. Mashine ya bei rahisi ambayo podi zake hazipatikani itageuka takataka baada ya wiki mbili.

2. Podi ya akiba, hata kabla ya chupa ya pili. Koili ikiungua, mvuke unakuwa na ladha ya kitambaa kilichoungua. Mtu asiye na podi nyingine usiku huo atarudi kwenye sigara.

3. Nikotini ya kiasi kinachofaa. Hapa wengi wanakosea. Anayenunua maji hafifu mno ili "asizidishe" hatosheki. Atavuta bila kupumzika, chupa itaisha mapema, na mwishowe atanunua sigara. Anayechukua kali mno atapata kichefuchefu na kizunguzungu. Soma chupa. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka kikomo cha miligramu 20 kwa kila mililita. Ukiona chupa au boksi imeandikwa asilimia 5, hiyo ni karibu miligramu 50, zaidi ya mara mbili ya kikomo hicho. Usiinunue kwa kudhani 5 ni namba ndogo.

4. Chupa iliyofungwa kiwandani, yenye maandishi ya kilichomo na tarehe. Usinunue maji yaliyochanganywa na mtu mtaani, hata akiwa rafiki. Kule Marekani, kuanzia 2019, watu walianza kuugua mapafu ghafla. Kufikia Februari 2020 wagonjwa waliolazwa au kufa walikuwa 2,807, na kati yao 68 walifariki. Wengi walikuwa wametumia mafuta ya bangi ya magendo yaliyotiwa kitu cha kuyazidisha. Kuokoa shilingi mia tatu kwa njia hiyo si kuokoa.

5. Usilipie vitu viwili. Mtu anayevuta vepu asubuhi na sigara jioni analipa mara mbili, na mapafu bado yanapata moshi. Hapo ndipo zilipopotelea zile 3,000 za kijana wetu. Weka siku, na siku hiyo sigara ziondoke nyumbani.

MAMBO YA NYUMBANI

Umeme. Kama unachajia simu dukani, vepu nayo italipiwa. Iingize kwenye hesabu. Tumia chaja ya kawaida, si ile ya kasi, na usiiache ikichaji usiku kitandani. Betri hizi zikiharibika zinaweza kuwaka moto.

Watoto. Maji ya nikotini ni sumu. Kiasi kidogo tu kikimezwa na mtoto mdogo kinaweza kuleta hatari kubwa, na harufu ya matunda inamvuta. Yafungiwe juu, pamoja na dawa za ng'ombe. Mtoto akiyameza, kimbilieni hospitali mara moja na mbebe chupa.

Mvuke. Kwa mtoto wa pumu, usivute ndani, hata kama hakuna harufu ya sigara. Vepu inavutiwa nje.

Takataka. Usitupe vepu iliyokwisha katika shimo la kuchomea takataka. Betri ya lithiamu hupasuka motoni, na watoto huzunguka moto. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa vepu za kutupa kuanzia tarehe 1 Juni 2025, kwa ajili ya takataka hizo na kwa ajili ya watoto waliokuwa wakizinunua.

KIKUNDI KILIAMUAJE?

Wengine walisema mkopo ni wa miradi inayoleta faida, si wa nikotini. Mama Mwenyekiti akajibu kwamba shilingi 4,500 zinazochomeka kila mwezi zingekuwa mradi pia. Mabishano yalikuwa marefu, na sitasema yule mzee alishindwa, kwa maana hoja yake ni nzito. Kikundi kikilipia vepu leo, kesho ataombaje mwingine?

Mwishowe hawakutoa 7,000. Walitoa shilingi 3,400 kutoka mfuko wa matibabu: mashine ndogo, chupa moja, podi moja ya akiba. Chupa ya pili angeinunua mwenyewe siku ya 15, kwa sababu kufikia hapo angekuwa hajatoa shilingi 2,250 za sigara. Alipewa miezi mitatu alipe. Masharti yalikuwa mawili: asivute ndani ya nyumba, na kila mwezi alete hesabu yake mbele ya wenzake.

Mwezi wa kwanza alikiri kwamba alivuta sigara sita. Mwezi wa pili hakuvuta hata moja, na mkopo ulimalizika kwa wakati. Sasa amepunguza nguvu ya nikotini mara moja. Bado anatumia vepu, na amejiwekea tarehe ya kuiacha. Sijui kama ataifikia. Lakini tarehe imeandikwa katika kitabu cha kikundi, na binti yake sasa analala bila moshi chumbani.

Funzo ninalowaachia ni hili: vepu si mali. Ni daraja la kuvukia. Mtu mwenye pesa kidogo anunue daraja la kumfikisha ng'ambo, asijenge nyumba juu yake.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika kikundi chetu, nani anavuta sigara, na anatumia shilingi ngapi kwa mwezi? Ahesabu mwenyewe, asihukumiwe.
2. Je, mfuko wetu wa mikopo unaweza kumsaidia mtu kuacha sigara? Kwa masharti gani?
3. Vepu zinauzwa wapi karibu nasi? Je, muuzaji anawauzia watoto walio chini ya miaka 18?
4. Tunanunua vitu gani vingine kwa kuangalia bei ya siku ya kwanza tu, bila kuhesabu vitakula pesa ngapi baadaye?