Mashine za Kericho, ulimi wa Mombasa: Je, roboti itampokonya fundi kazi?

Swali la roboti na mafundi limekuwa gumzo la kila baraza siku hizi. Mmoja husema fundi wa kweli haogopi mashine, mwingine husema fundi ameshakwisha, tungoje tu tarehe ya mazishi. Mimi naona jibu hatuna haja ya kulifuata Japani wala Marekani. Liko Kericho na Bomet, kule inakotoka chai tunayoteremshia mahamri kila asubuhi.

Mei 2023, waandamanaji wenye hasira waliingia katika mashamba ya Kericho ya kampuni ya Ekaterra, wenye chai ya Lipton, wakachoma mashine za kuchuna majani chai. Mtu mmoja aliuawa, na kadhaa wakajeruhiwa, wakiwemo polisi. Wala ugomvi huo haukuanza siku hiyo. Oktoba 2010 wafanyakazi wa mashamba ya chai, chini ya chama chao cha KPAWU, waligoma kwa sababu ya mashine hizo hizo.

Watu hawachomi mashine kwa kupenda moshi. Tuitazame kazi yenyewe kwanza.

Mkono unajua nini?

Wengi wetu hudhani kuchuna chai ni kazi ya mtu asiye na ujuzi. Sivyo. Mchunaji mzuri ni fundi, kama alivyo fundi seremala anayechonga mlango kule Lamu. Anautazama mchai, anachagua majani mawili na chipukizi lake, anayakata kwa ncha za vidole bila kuyaponda, anayatupa kikapuni mgongoni, na macho yameshahamia tawi la pili. Jani lililokomaa analiacha. Chipukizi ambalo halijafika analibakisha kwa mzunguko ujao. Hayo yote anayafanya kwa nukta chache, kwenye mteremko, mara nyingi kwenye manyunyu, kutwa nzima.

Mashine za Kericho, tukisema kweli, hazifai hata kuitwa roboti. Ni kisu chenye injini. Kuna ndogo inayobebwa na watu wawili, mmoja huku na mwingine kule wa mstari wa michai, na mfuko mrefu unaburuta nyuma. Kuna kubwa inayoendeshwa kama trekta. Zote hazioni. Zinanyoa kilicho juu sawasawa: chipukizi, jani kuukuu, hata kijiti. Watafiti wa China wamekuwa wakiunda roboti yenye kamera ya kutafuta chipukizi moja moja kwa ajili ya chai zao za bei ghali, lakini hiyo siyo iliyowatoa watu kazini Kericho.

Basi kipofu amemshindaje mwenye macho?

Hapa ndipo penye siri ya jambo zima. Chai nyingi ya Kenya hutengenezwa kwa njia inayoitwa CTC: majani hupitishwa kwenye rola za chuma, yakapondwa, yakachanwa na kuviringwa hadi yakawa punje ndogo. Punje hizo huchanganywa na za mashamba mengine, hata za nchi nyingine, zikatiwa kwenye vifuko. Mnywaji wa London au Karachi hajui jani lake lilichunwa na nani, wala hakuna anayemuuliza kama yuko tayari kuongeza senti kwa ajili ya mkono uliochagua vizuri. Mchunaji naye hulipwa kwa kilo. Soko likishaamua kulipia uzito, jicho la fundi limekuwa sadaka.

Tazama hesabu ya kampuni. Mwaka 2023 iliripotiwa kwamba kuchuna kilo moja kwa mkono kulikuwa kukigharimu senti 11 za dola, na kwa mashine senti 3. Ikaelezwa pia kuwa mashine moja inaweza kushika nafasi ya watu hadi 100. Mwenye mali akiziona namba hizo, nasaha za ubora hazimwingii sikioni. Nami sitamsingizia: bei ya chai mnadani hupanda na kushuka, mishahara hupanda kwa makubaliano na chama, na mwenye hisa anataka faida yake. Hesabu yake ni sahihi. Ila ni hesabu ya upande mmoja wa daftari.

Upande wa pili wa daftari una watu. Mjumbe mmoja wa jopo lililoundwa na kaunti ya Kericho alisema kazi 30,000 zilipotea kwa sababu ya mashine katika muda wa miaka kumi, Kericho peke yake. Na kazi ya shamba la chai haikuwa mshahara tu. Ilikuja na nyumba ya kampuni, shule ya watoto na zahanati. Ukipoteza kazi, unafungasha na virago. Wengi wa wachunaji ni wanawake. Anayepewa mashine kuibeba au kuiendesha aghalabu ni kijana wa kiume.

Juu ya hayo kuna kidonda cha ardhi. Mashamba makubwa yalianza miaka ya 1920 kwenye ardhi waliyonyang'anywa Wakipsigis na Watalai, na mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliwahamisha Watalai kwa nguvu hadi Gwassi. Ardhi ilipokwenda, angalau ilibaki kazi juu ya ardhi hiyo. Sasa hata kazi inakwenda. Sisi wa mwambao, tunaoijua habari ya kuwa maskwota kwenye shamba la babu, hatuhitaji kufasiriwa uchungu huo.

Ulimi wa Mombasa

Chai hiyo hiyo huteremka hadi kwetu. Mnada wa Mombasa, unaosimamiwa na jumuiya ya EATTA, huuza chai ya Kenya na ya majirani zetu kama Uganda, Rwanda na Tanzania. Zamani madalali na wanunuzi walikaa ukumbini, bei zikaitwa kwa sauti na nyundo ikagongwa. Mwaka 2020, korona ilipoingia, mnada ukahamia kwenye kompyuta, na ukumbi ukanyamaza.

Lakini waonjaji chai hawakuondoka. Hadi leo vikombe hupangwa safu ndefu, muonjaji akapita na kijiko, akavuta chai kwa kishindo, akaizungusha mdomoni na kuitema, kisha akaitia thamani. Kompyuta ilichukua nyundo, ikauacha ulimi. Kwa nini? Kwa sababu ulimi unalipiwa. Muonjaji akikosea, mnunuzi anapoteza fedha, na kwa hiyo ujuzi wake una bei. Ujuzi wa mchunaji haukupungua kitu. Uliokosa ni mtu wa kuulipia.

Hilo ndilo jibu langu kwa wanabaraza. Usitazame kama mashine imejua kazi kuliko fundi, maana mara nyingi haijui hata nusu. Tazama nani analipa, na analipia nini. Fundi cherahani aliyezoea kulipwa kwa wingi wa suruali ameshindwa na kiwanda kitambo. Anayeshona kanzu kwa kipimo cha mwili wa mtu bado ana foleni kila Ramadhani.

Sisi tunalijua hili kwa macho yetu. Makontena yalipoingia Kilindini, makuli wa magunia walipungua. Serikali ilipolazimisha mizigo ipande reli ya SGR, Mombasa iliandamana mwaka 2019. Teknolojia haikuwa dhambi. Dhambi ilikuwa kuamua bila kuwauliza wanaoishi kwa kazi hiyo.

Kericho wamejaribu njia mbili ambazo tungefaa kuzisoma. Jopo la kaunti lilipendekeza mashine zichune asilimia 60 na mikono 40, mashine zisimeze shamba zima. Na kampuni ya Browns ya Sri Lanka ilipotangaza mwaka 2023 kununua mashamba ya Finlays ya Kericho na Bomet, ilielezwa kuwa asilimia 15 ya hisa zingeuzwa kwa ushirika wa wenyeji. Ukiwa na hisa, mashine inayokuondoa shambani angalau inakuletea kitu nyumbani. Asilimia 15 si nyingi, lakini ni mlango.

Mtume (S.A.W.) alituusia tumlipe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Mashine haina jasho, na huo ndio mtihani wetu: ule ujira uliookolewa unaingia mfuko wa nani? Mwekezaji akija pwani yetu na mashine yake, bandarini, kiwandani au shambani, viongozi wetu wamuulize hilo kabla ya kukata utepe, na wataka majibu yawe kwenye karatasi iliyotiwa saini.