Chumvi ya Uvinza

Chumvi unaijua. Unaitia katika mboga. Unaitia katika samaki wasioze.

Katika mkoa wetu wa Kigoma, chumvi hutoka Uvinza. Huko maji ya chumvi hububujika kutoka ardhini. Kwa zaidi ya miaka 1,000 watu waliyachemsha katika vyungu. Maji yalikauka, chumvi ikabaki.

Siku hizi chumvi ya kula hutiwa madini joto. Mwili ukiyakosa, shingo huvimba. Uvimbe huo huitwa rovu. Mama mjamzito akiyakosa, akili ya mtoto aliye tumboni inaweza kudumaa. Akizaliwa hivyo, hakuna dawa ya kumrudishia.

Kwa hiyo nunua chumvi yenye madini joto. Itunze katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua, moto na unyevu. Itie mboga inapokaribia kuiva.

Lakini usizidishe. Chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu. Kwa siku nzima, mtu mzima asizidishe kijiko kimoja cha chai. Samaki wa chumvi waloweke kwanza, umwage maji yake, ndipo uwapike.

Swali: Chumvi ya nyumbani kwako imefunikwa?