Kawia Ufike: Safari ya Miguu Mbele ya Baridi

Upande wa mashariki wa nchi ya Marekani iko safu ndefu ya milima iitwayo Appalachia. Milima hiyo si mirefu kama Kilimanjaro wala Kenya, lakini ni mingi mno, nayo imepangana kutoka kusini hata kaskazini kama mifupa ya uti wa mgongo, na karibu yote imefunikwa na misitu. Juu ya milima hiyo hupita njia ya miguu. Huanzia mlima Springer katika jimbo la Georgia, hupita katika majimbo 14, na huishia kileleni pa mlima Katahdin katika jimbo la Maine. Urefu wake umepita kilomita 3,500, yaani karibu mara tatu ya reli itokayo Dar es Salaam mpaka Kigoma.

Aliyeifikiri njia hiyo kwanza ni mtu mmoja jina lake Benton MacKaye, naye aliandika shauri lake mwaka 1921. Baada yake watu wengi wakajitolea kufyeka misitu na kupasua vichaka, wala hawakulipwa mshahara, hata mwaka 1937 njia ikaunganika toka mwanzo hata mwisho. Mpaka leo huonyeshwa kwa alama nyeupe zilizopakwa rangi juu ya miti na mawe, ili msafiri asipotee. Mahali mahali vimejengwa vibanda vyenye kuta tatu, upande wa mbele uko wazi, na humo msafiri aweza kulala bila malipo au kwa malipo kidogo.

Kila mwaka watu wengi hufunga safari kutaka kuimaliza njia yote kwa mara moja. Wengi huanza kusini katika mwezi wa Machi au Aprili, nao hutembea muda wa miezi mitano, sita, hata saba. Lakini katika kila wanne waanzao, hufika kama mmoja tu. Wengine huumia miguu, wengine huugua, wengine huishiwa na fedha, na wengine hushindwa na upweke. Tena yuko mshindani mmoja asiyeonekana, naye ni majira ya mwaka. Wasafiri hutoka kusini kwenda kaskazini. Baridi hutoka kaskazini kwenda kusini. Basi lazima wakutane njiani, na msafiri mwenye akili huhesabu siku zake tangu mwanzo, ili awe amefika Katahdin kabla baridi haijaufunga mlima.

Katika Afrika Mashariki watu huyajua majira kwa mvua: kuna masika, kuna vuli, na kuna kiangazi. Katika nchi za kaskazini watu huyajua majira kwa joto na baridi. Kwanza huja majira ya kuchipua, kisha majira ya joto, halafu majira ya kupukutika majani, na mwisho majira ya baridi. Sababu yake ni hii. Dunia huzunguka jua mara moja kila mwaka, lakini haikusimama wima. Imeinama kwa nyuzi 23 na nusu hivi. Katika mwezi wa Juni upande wa kaskazini huwa umelielekea jua, kwa hiyo hupata mwanga mwingi na joto. Katika mwezi wa Desemba upande huo huwa umelipa jua kisogo. Katikati yake, tarehe 22 au 23 Septemba, mchana na usiku huwa karibu sawa, na tangu siku hiyo usiku huzidi kuwa mrefu.

Karibu na mlima Katahdin, mchana wa mwezi wa Juni huchukua muda wa saa 15 na nusu. Mwisho wa Oktoba hubaki saa 10 na robo hivi tu, na katika Desemba hazifiki saa 9. Mtu wa Nairobi au wa Dodoma hawezi kuona tofauti kubwa namna hiyo, maana yeye hukaa karibu na ikweta. Lakini kwa mtu aendaye kwa miguu, saa hizo tano zilizopungua ni jambo kubwa. Mwendo alioumaliza mchana katika majira ya joto, sasa hawezi kuumaliza ila giza limemshika msituni.

Miti nayo hujua kwamba siku zimefupika. Jani ni jiko la mti. Ndani yake mna kitu cha rangi ya kijani kiitwacho klorofili, nacho hutumia mwanga wa jua kufanya chakula cha mti kutoka katika maji na hewa. Mwanga upunguapo na usiku kuwa wa baridi, mti huacha kufanya klorofili, na ile iliyokuwamo huharibika. Hapo hutokea rangi ya manjano, ambayo ilikuwamo ndani ya jani siku zote, ila ilifichwa na kijani. Miti mingine, kama ule uitwao mepo, hufanya pia rangi nyekundu kutokana na sukari iliyobaki majanini. Kwa hiyo katika siku chache mlima mzima huweza kugeuka, ukawa kama moto usioteketeza kitu.

Baadaye, mahali shina la jani lilipoungana na tawi huota ngozi nyembamba kama kizibo. Ngozi hiyo huziba njia ya maji, na upepo kidogo tu huliangusha jani, wala mti haubaki na jeraha. Mti haupati hasara kwa kuyatupa majani yake. Wakati wa baridi kali maji ya ardhini huganda, mizizi haiwezi kuyanywa, na majani mapana yangeukausha mti. Tena theluji ingeyalemea na kuyavunja matawi. Misonobari haipukutiki hivyo, kwa sababu majani yake ni membamba kama sindano, nayo yamepakwa nta.

Uzuri huo huwavuta watu kutoka mbali waje kuutazama. Lakini kwa msafiri wa miguu, majani mekundu ni kama kengele iliayo. Yakianguka hufunika njia, na chini yake hujificha mawe na mizizi. Yakilowa huteleza kama matope. Mahali pengine njia yenyewe haionekani tena, na msafiri hana budi kutafuta alama nyeupe moja baada ya moja, asiiache ya nyuma mpaka ameiona ya mbele.

Kila kitu msafiri akitumiacho hukibeba mgongoni ndani ya shanta. Humo mna hema ndogo, mfuko wa kulalia, sufuria, jiko dogo, koti la mvua, maji, na chakula cha siku kadhaa, maana mara kwa mara njia hukaribia mji, na hapo aweza kununua kingine. Wengi hushika kanuni kwamba mzigo usizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mtu mwenyewe. Kwa hiyo kila kitu hupimwa. Katika majira ya joto wengi huzirudisha nyumbani nguo nzito ili wapunguze mzigo. Lakini wafikapo milima ya New Hampshire, hutaka waletewe tena, hata kama jua linawaka siku hiyo.

Wana sababu ya kufanya hivyo. Kila mtu apandapo mita 1,000, joto la hewa hupungua kama nyuzi 6 za sentigredi. Kwa hiyo bondeni huweza kuwa na joto na kileleni kukawa na jalidi, kama vile watu wa Moshi huvaa nguo nyepesi huku wakiitazama theluji ya Kibo. Katika milima ya New Hampshire njia hupita juu ya Mount Washington, wenye kimo cha mita 1,917. Kileleni hapo, tarehe 12 Aprili 1934, upepo ulipimwa ukaonekana unakwenda kilomita 372 kwa saa. Hakuna miti ya kuuzuia upepo huo, wala pa kujificha, ila mawe matupu.

Watu wengi hudhani ya kuwa baridi huua kwa theluji tu. Sivyo. Mvua ndogo pamoja na upepo yatosha kumhatarisha mtu, hata kama maji hayajaganda. Mwili wa mtu mzima wa afya huwa na joto la nyuzi 37 hivi. Likishuka chini ya 35, kwanza mtu hutetemeka. Kisha vidole vyake havishiki vizuri, ulimi huwa mzito, naye hujikwaa mara kwa mara. Mwisho akili yake huchanganyika, na hapo ndipo pabaya, maana yeye mwenyewe hatambui kwamba yu hatarini. Pengine hukaa chini apumzike, asiinuke tena. Mwenziwe akiziona dalili hizo asingoje. Amtoe katika upepo, amvue nguo zilizolowa, amvike kavu, ampe chakula na kinywaji cha moto chenye sukari kama aweza kumeza, atafute msaada, wala asimwache peke yake. Tena nguo za pamba hazifai katika safari hiyo, kwa sababu zikilowa hushika maji na kuondoa joto mwilini. Sufu hutia joto hata ikiwa na unyevu.

Jimbo la mwisho ni Maine. Huko njia hukatwa na mto Kennebec, ambao hauna daraja mahali hapo. Juu yake kuna bwawa, na maji yakifunguliwa mto hujaa ghafula, kwa hiyo wasafiri huvushwa kwa mtumbwi. Mbele yake msitu hunyosha kilomita 160 pasipo mji wala duka, na watu huonywa kuchukua chakula cha siku 10. Ndipo huonekana Katahdin, wenye kimo cha mita 1,606. Baada ya tarehe fulani katika Oktoba wasafiri hawaruhusiwi kulala katika kambi za mlima huo, na hali ya hewa ikiwa mbaya walinzi huweza kuzifunga njia za kupandia. Mtu aweza kutembea miezi sita akafika chini ya mlima, akaambiwa, “Leo haupandwi.”

Katika wote walioipita njia hiyo, mmoja hukumbukwa sana. Jina lake ni Emma Gatewood, mkulima wa jimbo la Ohio, mama wa watoto 11, na watu walimwita Bibi Gatewood. Alisoma habari za njia hiyo katika gazeti, akaona ni kama matembezi mepesi. Mwezi wa Julai 1954, akiwa na umri wa miaka 66, alianza safari kutoka Katahdin kwenda kusini. Siku chache baadaye alipotea msituni, na miwani yake ikavunjika. Walinzi walipompata walimshauri arudi nyumbani. Bila shaka jambo hilo lilimwuma, lakini alirudi.

Mwaka wa pili aliwaambia watoto wake kwamba anakwenda kutembea, asieleze zaidi. Tarehe 3 Mei 1955 alianza tena, safari hii kutoka Georgia, katika mlima Oglethorpe, ambako njia ilianzia siku zile. Hakuwa na hema wala shanta. Alivaa viatu vya raba, akachukua mfuko aliojishonea mwenyewe, ndani yake blanketi, pazia la plastiki la kujikinga na mvua, na vyakula kama karanga na zabibu kavu. Mzigo wote haukufika kilo 10. Usiku wa baridi alipasha moto mawe bapa akalala juu yake, maana jiwe hushika joto muda mrefu. Mwezi wa Agosti dhoruba mbili kubwa zilileta mafuriko katika majimbo ya mashariki, naye akaendelea. Tarehe 25 Septemba, siku ya 146, majani ya Maine yakiwa yamekwisha kuanza kugeuka, alisimama juu ya Katahdin. Ulibaki mwezi mmoja atimize miaka 68. Hakuna mwanamke aliyewahi kabla yake kuimaliza njia ile peke yake katika safari moja.

Wahenga walisema, “Kawia ufike.” Mtu akiitazama njia ya Appalachia atadhani mithali hiyo haifai huko, maana akawiaye hukutwa na theluji. Lakini Bibi Gatewood alikawia mwaka mzima. Kama angekaidi mwaka 1954, akaendelea bila miwani na bila kuijua njia, pengine angepotea kabisa. Alirudi, akajifunza, akachagua mwezi ufaao, na tangu siku ile hakuchelewa. Mlima hauhami, na baridi haingoji mtu. Mwenye kuyajua yote mawili ndiye afikaye, tena ndiye arudiye nyumbani salama kuwasimulia wengine.