Bonane ya Birere na mungu wa milango

Ifikapo katikati ya Desemba, mama mmoja anayeuza nguo za watoto Birere, mjini Goma, huanza kuweka kando noti za faranga mia tano. Zilizopasuka huziunga kwa gundi ya karatasi, kwani waasi wa M23 walipoingia Goma Januari 2025 benki zilifungwa na noti ndogo zikawa adimu. Zote ni za Bonane, zawadi ya Mwaka Mpya. Tarehe 1 watoto watapita na nguo mpya, kila mmoja akidai Bonane yake. Kwake, anayefunga mkono siku hiyo ameufungia mwaka mzima. Je, ni jambo la kanisa? Anacheka: hata padri huwapa.

Imani hiyo ina umri wa miaka zaidi ya elfu mbili. Mshairi Ovid, katika *Fasti*, anamhoji Janus, mungu wa milango mwenye nyuso mbili, kuhusu tende, tini na asali ambazo Warumi walipeana tarehe 1 Januari. Jibu: mwaka ukianza mtamu, uendelee hivyo. Sarafu nazo zilipewa, na hapo ndipo penye uhondo. Kaisari Caligula alisimama mlangoni pa kasri azipokee mwenyewe. Tiberius aliyemtangulia alichoshwa na waliochelewa, waliomjia mwezi mzima, hata akapiga marufuku kupeana zawadi hizo baada ya tarehe 1.

Nilipomsimulia, mama alipiga makofi. "Huyo alikuwa na duka Birere!" Kwake pia watoto huja hadi Januari inaelekea kwisha.

Kanisa lilipinga. Augustino, askofu wa Hippo hapahapa Afrika, aliwahimiza waumini watoe sadaka kwa maskini badala ya zawadi hizo. Mtaguso wa Tours, mwaka 567, ukaagiza watu wafunge kula mwanzoni mwa Januari. Haikusaidia. Ulaya iliendelea kupeana, na Wabelgiji wakatuletea.

Wabelgiji haohao, wamisionari wakiwaunga mkono, walikomesha Umuganura, ibada ya malimbuko, mwaka 1925 hapo Rwanda, ng'ambo ya mpaka. Gashamura, mkuu wa abiru, walinzi wa ibada hiyo, walimhamishia Burundi. Kosa lake ni upagani. Sasa nani aliamua kwamba sarafu ya Janus ibatizwe na mtama wa Gashamura ulaaniwe? Mama hakuwahi kumsikia Gashamura. Alitaka tu kujua kama alirudishwa kwao.

Leo Umuganura ni sikukuu rasmi Rwanda, Ijumaa ya kwanza ya Agosti. Nawe ukipita Birere tarehe 1, beba noti ndogo; za kubadilishia huenda usizipate.